Sekunde Kumi na Moja Bila Kicheko

Agosti 18, Jumatatu
Tumerudi kazini. Msimu wa ishirini na tatu wa katuni yetu, wa kumi na tisa kwangu mimi. Kiyoyozi cha chumba cha waandishi kimekufa, Burbank yote inawaka kwa joto, na mkuu wetu Hal Brodkin ameuanza mwaka kama anavyouanza kila mwaka: katafuna bakuli zima la pistachio, kisha kauliza nani ana wazo. Hakuna aliyekuwa na wazo. Wakahamia kwenye suala la chakula cha mchana. Dakika arobaini kuchagua chakula! Na wanalipwa hao.

Mimi Arpi Manoukian ni karani wa miswada. Naandika wanayosema, nafuta wanayofuta. Maoni sina. Ndiyo maana nimedumu, wenye maoni wote wamekuja wakaenda.

Agosti 20
Joto. Wazo hakuna. Wali wa Kithai.

Agosti 27
Tuna mwandishi mpya, Marisela Quiroz, binti wa Pacoima, umri thelathini na kitu, kandambili miguuni na mdomo usiojua kufunga. Leo katikati ya mjadala wa maana kuhusu akina Dunlap, familia ya katuni yetu, kununua ngamia, kainua mkono kama yuko darasani. "Samahani. Kwani Tully atapata mtu lini?"

Hal akaacha kutafuna. Tully ni jirani wa akina Dunlap, muosha mbwa, mwanamume anayependa wanaume wenzake. Watazamaji wanampenda kuliko hata akina Dunlap wenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili amependa na ameachwa. Rubani alihamia Alaska. Mpishi alimwoa dada yake Tully. Mmoja alipanda roketi kwenda mwezini, akaona bora abaki huko huko. Ndiyo kanuni ya katuni yetu: ikifika dakika ya ishirini na mbili kila kitu kinarudi mahali pake. Nyumba iliyoungua imesimama, aliyevunjika mguu anakimbia, na Tully yuko peke yake na mbwa wa watu.

"Tully akiachwa, watu wanacheka," Hal akasema.

"Watu gani? Mimi nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa nalia."

Ebo! Nikasema moyoni, huyu hamalizi mwezi.

Septemba 3
Bado yupo. Na Hal kamwambia akaandike. Nadhani ni hili joto.

Septemba 16
Nimeuchapa mswada wa yule wa kandambili. Tully anakutana na Gus, msoma mita za maji, mtu mzima, mnene, mpole, anayeogopa mbwa. Ngamia ameondolewa, ashukuriwe Mungu. Ukurasa wa thelathini na nane nimeuchapa mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea.

Septemba 24
Leland Voss amepita ofisini. Ndiye sauti ya Tully tangu siku ya kwanza. Miaka sitini na tisa, skafu ya hariri shingoni kwenye joto la kuoka mkate, na chai yake lazima iwe na asali ya maua ya machungwa, ukimpa nyingine anaisukuma pembeni kwa kidole kimoja. Miaka yote nimemwona ni mtu wa maringo, na sijawahi kuona haya kumwona hivyo. Leo kavuta kiti akaketi mezani kwangu.

"Arpi, mpenzi, umeusoma?"

"Mimi nachapa, sisomi."

"Muongo wewe." Akavua skafu. Sijawahi kumwona shingo. "Sikiliza. Msimu huu ukiisha, nastaafu. Walter anataka tuhamie Ojai tukapande machungwa. Hajawahi kupanda hata kitunguu, lakini ndiyo keshasema."

Walter ni mwenziwe wa miaka thelathini na sita. Nilijua yupo, kama unavyojua jirani ana ghala nyuma ya nyumba. Sikuwahi kuuliza.

"Hal kaniahidi hatamtafutia Tully sauti nyingine," Leland akaendelea. "Kwa hiyo pale nitakapomwacha, ndipo atakapobaki. Marudio kila siku jioni mpaka dunia iishe. Sitaki nimwache peke yake, Arpi. Nimemwacha peke yake mara mia nne na ushee, na kila mara narudi nyumbani najisikia mwizi."

Nilimkatia kipande cha gata, mkate mtamu wa Kiarmenia, niliyooka Jumapili. Akala chote, makombo akayaokota kwa ncha ya kidole. Kumbe ana njaa kama watu wengine.

Oktoba 3
Upepo wa jangwani umeanza. Moto milimani upande wa Santa Clarita, majivu juu ya gari langu. Kila mtu mkali. Hal kagombana na mashine ya kahawa.

Oktoba 9, Alhamisi
Leo ilikuwa siku ya kusoma mezani. Niandike yote, maana nina jambo la kukiri.

Waigizaji wanakaa mbele, kila mmoja na karatasi zake, wanasoma mswada kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu arobaini wanasikiliza: waandishi, wachoraji, wakubwa wa stesheni ya televisheni. Mimi nakaa ukutani na penseli. Wakicheka, natia tiki pembeni mwa mstari. Wakipiga meza, tiki mbili. Wakishindwa kupumua, duara. Baada ya hapo kurasa zangu zinaingia chumba cha waandishi na hakuna rufaa. Wananiita Hakimu. Sheria ya Hal inajulikana hadi na wafagiaji: kisicho na tiki, kwaheri.

Mpaka ukurasa wa thelathini na saba nilikuwa na tiki za kumwaga. Gus kakimbizwa na mbwa mdogo kuliko kiatu, duara. Kisha tukaingia ukurasa wa thelathini na nane. Asubuhi, bafuni kwa Tully. Gus ameaga anaondoka, yuko mlangoni. Tully anaona mswaki kwenye kikombe chake.

Leland akasoma, "Gus! Umesahau mswaki wako."

Na yule anayeigiza Gus akajibu, taratibu, "Sijausahau."

Basi. Ndiyo hivyo tu. Chumba kizima kikawa kimya. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyefungua karatasi. Leland alikuwa ameangalia meza. Mimi penseli yangu ilikuwa imesimama hewani, na nilikuwa namfikiria Hrach, mume wangu wa zamani, aliyeondoka na mswaki wake na dawa ya meno juu yake, bahili yule, akaniachia kikombe. Kisha msomaji akaendelea na ukurasa wa thelathini na tisa, watu wakacheka tena, nami nikatia tiki.

Ukurasa wa thelathini na nane nikaupeleka mweupe. Ningeweka nini? Sina alama ya kimya. Kwa miaka kumi na tisa kimya kimekuwa na maana moja.

Hal akafungua, akaona weupe, akapiga mstari kona hadi kona. "Kisicho na tiki." Dakika nne, nilitazama saa. Badala yake bomba la maji linapasuka na Gus anasombwa hadi baharini akipunga mkono. Wakacheka sana kwenye kupunga mkono. Maisha ya mtu dakika nne, na chakula dakika arobaini.

Marisela hakubisha. Hilo ndilo lililonishtua. Alitoka, nikamkuta kwenye maegesho, kakaa juu ya tofali, upepo unampiga vumbi usoni.

"Nina wajomba wawili Pacoima," akaniambia. "Yaani, mmoja ndiye mjomba. Mwingine tulikuwa tunaitwa tumsalimie 'rafiki wa mjomba'. Miaka ishirini na tano ya urafiki, chumba kimoja, kitanda kimoja. Bibi yangu ndiye alikuwa anawanunulia miswaki, miwili miwili. Hakusema neno, ila miswaki alinunua."

"Mimi ndiye niliyeacha mweupe," nikamwambia.

"Si kosa lako. Hawakucheka."

Hawakucheka, ndiyo. Lakini nilikuwepo, na nilijua. Nimeona haya leo.

Oktoba 10
Leland kapata kurasa mpya. Kanipigia simu mwenyewe kuthibitisha saa ya kurekodi. "Sawa, mpenzi," akasema. "Baharini. Sawa." Hakulalamika hata kidogo. Ningependa angelalamika.

Oktoba 13, Jumatatu
Nimetoa maoni. Miaka kumi na tisa, na nimeyatoa yote kwa siku moja.

Fundi wa sauti hurekodi kila usomaji. Nilimwendea asubuhi, nikamwomba kipande cha ukurasa wa thelathini na nane, nikakiweka kwenye simu. Nikaingia chumba cha waandishi wakati wanajadili chakula, maana hapo ndipo wanapokuwa makini.

"Hal, nina kitu."

"Arpi, kama ni kiyoyozi, tumewaita."

"Si kiyoyozi." Nikaweka simu mezani, nikabonyeza. Gus, umesahau mswaki wako. Sijausahau. Kisha kimya. Niliwaambia wahesabu. Sekunde kumi na moja! Chumba cha watu arobaini, wenye midomo kama ya kwetu, sekunde kumi na moja. Na kwenye sekunde ya tisa, mtu anapenga kamasi. Kwa nguvu, kama tarumbeta.

Wote wakamgeukia Hal. Hakuna mwingine anayepenga hivyo Burbank hii.

"Nilikuwa na mafua," Hal akasema.

"Mafua yapi, Hal? Kwenye joto lile, moto mlimani?"

"Basi vumbi."

"Haya, vumbi. Lakini mimi nimekutilia tiki miaka kumi na tisa na sijakudanganya hata moja. Sasa nakwambia, karatasi ile haikuwa tupu. Mimi ndiye sikuwa na alama ya kuitia."

Nikafikiria mkopo wa nyumba yangu Glendale. Marisela alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Hal kachukua simu, kabonyeza tena. Kasikiliza mpaka tarumbeta. Kisha akasema, "Rudisha mswaki." Kabla hatujashangilia akainua kidole. "Lakini mkia lazima. Kesho yake asubuhi Gus amepata uhamisho, kaenda kusoma mita Hawaii, kikombe kitupu. Kanuni ni kanuni. Tully akipata mtu, mwaka ujao nitaandika nini?"

"Mwaka ujao Leland hayupo," nikasema.

"Mkia lazima, Arpi."

Nusu mkate, si haba. Nilirudi mezani kwangu, nikala gata mbili.

Oktoba 20
Leland karekodi. Mswaki kausema mara tatu, zote nzuri. Mkia kausema mara moja tu, akatoka kwenye kibanda cha sauti akiwa amevaa skafu hadi masikioni. Hal hakumwomba arudie.

Novemba 4
Moto umezimika. Bado hakuna mvua. Sandwichi.

Novemba 27, Sikukuu ya Shukrani, ya bata mzinga
Mwaka huu sikwenda kwa dada yangu. Leland alinialika, nami nikaenda na dolma, majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, ili nisionekane wa kuja mikono mitupu. Walter si kama nilivyomfikiria. Nilitarajia mtu wa skafu, kumbe ni fundi bomba mstaafu, mkono kama koleo, sauti kama ya lori. Kabla sijavua koti kanionyesha miche sita ya michungwa kwenye ndoo, mitano imekufa.

Mezani akaniuliza, "Ni wewe uliyempigia kelele yule bosi?"

"Sikupiga kelele."

"Pole. Ningekuwa mimi ningepiga." Akamsogezea Leland paja la bata bila kumwuliza. "Mimi nilikitazama kile kipindi miaka mitatu, nikaacha. Kila wiki mtu mzima analia ati hana mtu, nami nipo hapa hapa kwenye kochi, nasikia kwa sauti ile ile ya huyu. Mtu utakula kweli?"

"Ni kazi, Walter," Leland akasema.

"Najua ni kazi. Nimesema tu chakula hakikupita."

Nilicheka hadi machozi, halafu nikaona Leland hacheki. Nilikuwa nadhani anabeba jambo hili kwa ajili ya Tully. Kumbe na kwa ajili ya huyu. Ninawapenda hawa wazee wawili, niandike hapa hivyo hivyo, na nilivyompima Leland kwa skafu miaka kumi na tisa nilikuwa mjinga.

Desemba 12
Zawadi ya Hal ya mwisho wa mwaka: kikapu cha pistachio. Nusu zimeshaliwa.

Januari 8
Mvua, hatimaye. Paa linavuja juu ya meza ya waandishi. Wameweka sufuria, mjadala wa chakula umeendelea kwa mlio wa matone.

Januari 14, Jumatano
Leo tumetazama michoro ya penseli. Hapo ndipo penye nafasi ya mwisho. Picha bado ni mistari mitupu isiyo na rangi, lakini zinatembea na sauti zipo. Baada ya hapa zinapelekwa Korea kupakwa rangi, na zikishafika Korea hazibadiliki tena. Watu ishirini gizani, mimi ukutani na penseli na taa yangu ndogo.

Mswaki ukapita. Kimya kile kile, hata michoro mitupu ya penseli haikukiharibu. Nilitia nyota pembeni. Hakuna aliyeniagiza, nimeitunga mwenyewe.

Kisha ukaja mkia. Kikombe kitupu, Tully amesimama, mbwa wote wanamtazama. Mbwa mmoja anamletea brashi yake ya manyoya mdomoni, kama kusema shika hii basi. Hapo bwana mmoja wa stesheni akacheka. Si kicheko kikubwa, kheh, kheh. Na mwenzake akamfuata. Nilikisikia vizuri. Kwa haki ilikuwa tiki moja.

Sikuitia.

Taa zilipowaka Hal akanyoosha mkono, nikampa kurasa. Akapekua mpaka mwisho, akasimama kwenye mkia.

"Hakuna kitu hapa?"

"Hakuna."

"Nilidhani nimesikia mtu."

"Mvua hiyo," nikasema.

Akanitazama. Hal Brodkin ana masikio ya popo, anasikia mtu akitabasamu. Mimi nilimtazama vilevile, nikaona nisipepese hata nikitokwa na machozi. Sijawahi kudanganya kwenye karatasi zile, na yeye anajua sijawahi, na nilikuwa naitumia imani yake yote kwa mara moja. Kama angeniambia nichukue mkoba wangu niende, ningekuwa sina la kusema.

Akachukua kalamu. "Kanuni ni kanuni," akanung'unika, akaupiga mkia mstari kona hadi kona. Alipofika mlangoni akageuka. "Ila Arpi, mvua ikinyesha tena humu ndani, uniambie mapema."

Januari 16
Tuna tatizo. Mkia ukiondoka kunabaki sekunde kumi tupu mwishoni. Marisela kaandika matoleo saba, Hal kakataa saba. Anasema yanahubiri. Na safari hii, Mungu anisamehe, Hal ana haki.

Januari 22, Alhamisi
Siku ya mwisho ya Leland. Mvua kubwa, Walter kamleta kwa gari, akaketi nami nyuma ya kioo, amejikunyata kwenye kiti kidogo kama mtu yuko kwa daktari wa meno. Hajawahi kukanyaga pale miaka yote hiyo. Hal alikuwa kwenye mashine na fundi, Marisela chini sakafuni na kandambili zake zimelowa.

Maneno ya mwisho bado hayakuwepo. Hal akabonyeza kitufe cha kusema na Leland kibandani. "Leland, hatuna mstari. Tupe sauti tu. Ni asubuhi nyingine. Watu wawili wanapiga mswaki kwenye sinki moja. Tutachora juu yake."

"Sauti tu?"

"Sauti tu. Halafu umemaliza, nenda kapande machungwa yako."

Leland akafunga macho. Akaanza kusukutua, kutema, kuguna, vitu vya kila asubuhi. Sekunde tano, sita. Kisha, bila kufungua macho, akasema kwa mdomo kama umejaa povu:

"Sogea."

Akaendelea kupiga mswaki.

Hal akabonyeza kitufe tena. "Hilo limo kwenye mswada?"

"Halimo," Leland akasema. "Samahani. Limenitoka."

"Libaki."

Kando yangu kiti kikatoa mlio. Walter alikuwa amesimama. "Ala! Hilo langu hilo!" akaniambia mimi, akaliambia na dirisha, akawaambia na watu wa ghorofa ya juu. "Kila asubuhi! Miaka thelathini na sita ananiambia sogea, na sinki nimeifunga mimi mwenyewe, nimeipanua mara mbili, bado sogea!" Na huku anacheka mkono mzima umeziba macho, na machozi yanapita katikati ya vidole, na Marisela kashika mguu wa suruali yake kama mtu anayezuia ngazi.

Leland akafungua macho, akamwona kupitia kioo.

"Nyamaza wewe," akasema kwenye kipaza sauti. "Nipo kazini."

Miaka kumi na tisa nimemsikia akiwa Tully na nimemsikia akiwa yeye, na hapo sikujua ni nani kasema. Fundi akamwuliza Hal kama azime mashine ya kurekodi. Hal akatikisa kichwa kukataa, akatafuta leso.